Stovu Iliyokosa Pumzi

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya baridi na joto, na katika nyumba zote alizozihudumia, yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Sikuwa na haki ya kushangaa. Hata kwetu Mombasa mke wa seremala ndiye anayelala kwenye kitanda kinacholia. Tulikuwa tunakaa Carrollton, kaskazini ya Dallas, katika nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, sisi wawili tu, maana hatukujaaliwa watoto. Mtambo mkubwa wa kupasha joto uliokuwa darini ulikufa miaka minne kabla yeye hajaugua. Akasema ataubadilisha kiangazi, kazi zikipungua. Lakini Texas kiangazi ndipo watu wanapomlilia fundi, wala hakupata hata Jumapili moja. Majira ya baridi yalipokaribia akaja na stovu.

Aliipata kwa mteja wake mmoja mzee aliyekuwa akihama. Ilikuwa stovu ya chuma, nzito kama ng'ombe, ya aina inayoingizwa ndani ya meko ya ukutani. Haili kuni wala mkaa. Inakula pelet, vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambavyo ukiviona utadhani ni chakula cha kuku. Unazimimina kwenye tangi lake, unabonyeza kitufe, na parafujo refu lililo ndani linazisukuma kidogo kidogo mpaka ziangukie kwenye kibakuli cha chuma, ambako kiwashio cha umeme kinaziwasha. Feni moja inavuta moshi na kuupandisha dohani, nyingine inasukuma joto sebuleni. Haya yote nayajua sasa. Wakati ule nilijua kitufe tu, na hata hicho sikuwahi kukibonyeza. Moto wa jikoni ulikuwa wangu, wa sebuleni ulikuwa wake.

"Mtu wa Mombasa," nilimcheka siku alipoiwasha mara ya kwanza, "umri wako wote umekimbia joto, leo wakaa mbele yake kama paka."

"Wewe ngoja baridi ije," akasema bila kugeuka. "Utakuja mwenyewe ukae hapa."

Nilikwenda nikakaa. Pelet zilikuwa zikidondoka kibakulini moja moja, kama mtu anayechagua kunde na kuzitupia kwenye sufuria, na mume wangu akiwa ameegemea nyuma, mikono imekunjwa tumboni, ana uso wa mtu aliyemaliza kazi. Ndivyo ninavyopenda kumkumbuka.

Kiharusi kilimpata mwezi wa nne, asubuhi, akivaa viatu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Nimewalisha na kuwaogesha watu wengi waliopigwa na kiharusi, na nilidhani ninakijua. Kilichukua upande wake wote wa kulia. Kikachukua na maneno, yote isipokuwa moja. Mwalimu wa kuzungumza pale hospitali alinieleza kwamba hutokea hivyo, neno moja likabaki peke yake mdomoni na mgonjwa akalitumia kwa kila kitu. La mume wangu lilikuwa "bado." Akitaka chai, bado. Akitaka kwenda msalani, bado. Nilipomwambia mama yangu amefariki Mombasa, alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, machozi yakimtoka, akaniambia, "Bado, bado, bado."

Akili yake ilikuwa nzima. Hilo mwalimu alilirudia mara tatu. Kila kitu anakijua, ila njia ya kutokea imefungwa. Akanifundisha namna ya kumuuliza: swali moja kwa wakati mmoja, ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, na umwache aitikie kwa kichwa. Usimpe mambo mawili pamoja. Usimjibie. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayefundishwa kazi yake mwenyewe.

Miezi miwili ya mwanzo nilifanya hivyo. Halafu nikachoka. Nilirudi kazini, nikawa ninatoka kuwaogesha wazee wa watu ninakuja kumwogesha wangu, na kuuliza maswali ishirini kwa ajili ya kikombe cha chai kukanishinda. Nikaanza kukisia, na mara nyingi nikapatia, na nikipatia mara nyingi nasahau zile nilizokosea. Mwaka ulipofika ukingoni nilikuwa ninamsemea kila kitu. "Hataki hiyo." "Amechoka." "Asema ahsante." Watu waliokuja kumtazama walizungumza nami, na yeye akawa anatutazama.

Baridi kubwa ilitangazwa siku tatu kabla. Madukani watu walimaliza maji na mikate. Nilichukua likizo ya siku nne kazini kwa sababu mama niliyekuwa nikimlipa akae na mume wangu mchana alisema hataendesha gari kwenye barafu. Nikatoa heta mbili ndogo za umeme, nikaziwasha, na taa za upande mzima wa nyumba zikazimika. Nikaenda gereji kurudisha swichi, nikaziwasha tena, zikazimika tena. Ikawa ni heta moja tu inayowezekana, na hiyo ilipasha miguu na kuacha magoti.

Nikaitazama stovu. Haikuwa imewashwa tangu yeye alipokuwa mzima.

Niliburuta mfuko wa pelet kutoka gereji, nikauchana, nikamimina tangini. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu akinitazama. Nikabonyeza kitufe. Ikanguruma, kiwashio kikawa chekundu, pelet zikaanza kudondoka, na baada ya dakika chache moto ukatokea.

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele, nikamgeukia. "Umeona? Nimeiwasha!"

Yeye hakufurahi. Alikuwa ameukunjia moto uso. Na kweli, haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa wa manjano, mchafu, unalala upande kama wa mshumaa kwenye upepo, na kioo cha mlango kikaanza kuwa cheusi kama tako la sufuria ya kuni. Halafu pelet zikaacha kudondoka. Taa nyekundu ikawa inakonyeza mara tatu, inapumzika, inakonyeza mara tatu. Moto ukafa na kuacha harufu ya moshi.

"Bado," mume wangu akasema, akipiga mkono wa kiti. "Bado!"

"Najua, bado haijawaka," nikasema. "Ngoja nijaribu tena."

Nilijaribu mara nne siku hiyo.

Nilikitafuta kitabu cha stovu nikakikuta kwenye droo yake, kina alama za vidole vyenye grisi. Kilisema kukonyeza mara tatu ni hewa haivutwi inavyopaswa: tazama mlango, tazama majivu, tazama njia ya moshi. Pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, "Kofia, mwezi wa 11." Nilidhani alijikumbusha kununua kofia ya baridi. Nikafunga kitabu nikatafuta video. Ndani yake mwanamume mwenye ndevu alikuwa akichomoa mpira mwembamba nyuma ya stovu na kuupuliza. Nikautafuta mpira ule, nikaupata, nikaupuliza mpaka masikio yakaziba. Nikafuta mlango. Nikamwaga majivu. Nikabonyeza. Moto ukaja vile vile, umelala upande, na taa ikanikonyeza.

Nikapiga simu kwa mafundi. Mmoja alisema hawashughuliki na stovu za aina hiyo. Wa pili, aliyekuwa Fort Worth, alikuwa na sauti ya upole. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema barabara ni kioo kitupu, hawezi kuja kabla ya wiki ijayo. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote nyumbani anayeijua stovu hiyo.

"Yupo," nikasema.

"Basi muulize," akasema.

Nikamshukuru nikakata simu.

Kesho yake asubuhi nilimwita jirani wa ng'ambo ya barabara, Mkongo anayefanya kazi ghalani, ndiye aliyesaidiana na mume wangu kuibeba stovu siku ile ilipokuja. Alifika na mashine yake ya kuvuta vumbi, akavuka barabara kwa hatua za kitoto ili asiteleze. Akamsalimia mume wangu kwa heshima, akapiga goti mbele ya stovu, akavuta majivu kila mahali ambapo mpira wa mashine uliweza kuingia. Nikabonyeza kitufe. Tukatazama wote watatu.

"Mama," jirani akasema baada ya kitambo, "ile moto inakosa pumzi. Unaona vile inalala? Iko sawa na mutu anafungwa pua."

Mume wangu alipiga mkono wa kiti kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. "Bado! Bado! Bado!"

"Papa anasema bado," jirani akaniambia. "Tungojee kidogo, voilà, itapata nguvu."

Basi tukangoja. Tulikaa wawili kwenye kochi, tumeweka mikono magotini, tukiungojea moto upate nguvu kwa sababu mwenye stovu amesema bado. Nyuma yetu mwenye stovu alikuwa akitoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kama mtu anayecheka na kulia pamoja. Sikugeuka. Nilidhani ni mshtuko wa kikombe.

Safari hii moshi haukutaka hata kupanda. Ulitoka kwenye pembe za mlango, taratibu, wa kijivu. King'ora cha hewa ya sumu kilichoko ukutani kikaanza kulia. Jirani akaruka akachomoa waya wa stovu, mimi nikafungua madirisha na milango yote, na ile baridi iliyokuwa nje ikaingia ikakaa. King'ora kiliponyamaza nyumba ilikuwa haina tofauti na uwanja. Jirani akasema twende kwake, watoto wake watalala pamoja, sisi tutapata chumba. Mume wangu akatikisa kichwa. Kwa jirani kuna ngazi sita mlangoni, na ngazi zilikuwa barafu, na yeye hakuwahi kupenda kubebwa. Hilo sikuhitaji kumuuliza.

Jirani alituletea blanketi tatu na chupa ya chai akarudi kwake. Nikamfunika mume wangu, nikamfunga kanga kichwani kama mtoto, nikamvalisha soksi mikononi. Ule mkono wa kulia, usiohisi kitu, ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friji. Niliusugua, yeye akautazama ukisuguliwa kama mkono wa mtu mwingine. Nimefanya kazi ya kutunza wagonjwa miaka kumi na moja, na mume wangu mwenyewe alikuwa akitetemeka mbele yangu, na zaidi ya ile heta moja nilichokuwa nacho ni soksi.

Niliswali adhuhuri karibu na kiti chake. Nilipotoa salamu na kumgeukia, nikamwona ameitoa soksi kwa meno. Mkono wa kushoto ulikuwa umeinuka, vidole vimekunjwa, kile cha shahada kimesimama wima kuelekea juu. Macho yake yalikuwa yamenikazia. Midomo inacheza.

Kila Mwislamu anajua kidole kile kinasema nini. Nimekiona kwa baba yangu dakika zake za mwisho.

"La," nikasema. "La, la, la. Usinifanyie hivi."

Akakiinua zaidi. Nikamsogelea, nikakigeuza kiti chake kuelekea kibla, nikaweka mdomo sikioni mwake nikaanza kumtamkia, pole pole kama inavyotakiwa: la ilaha illallah. Akageuza kichwa akanitazama kwa namna ambayo niliielewa kuwa ni uchungu wa roho. Nikatamka tena. Akanisukuma kwa kiganja, kisha kidole kikarudi juu, kikapiga hewa, juu, juu, juu. "Bado!" Nikaona ni sakarati ya mauti, kwamba anapigana nayo. Nikalia, nikatamka kwa sauti kubwa zaidi. Na yeye akalia.

Mdogo wake anaishi Missouri City, kule Houston, na anaendesha lori. Nikampigia.

"Shemeji," nikamwambia, "kaka yako yuwaenda. Yuwapiga shahada kwa kidole."

"Nakuja," akasema.

Kutoka Houston kuja kwetu ni mwendo wa saa nne siku ya kawaida. Nikarudi nikasoma Yasini. Nilipofika katikati mume wangu alifumba macho, na kifua kikaendelea kupanda na kushuka sawasawa. Alikuwa amelala. Baada ya saa moja aliamka, akagusa mdomo kwa vidole: anataka kula. Nikampa uji. Akaumaliza wote, akasukuma bakuli mbele aongezwe.

Hapo ningeweza kumpigia shemeji kumwambia ageuze gari, maana hata nusu ya njia hakuwa amefika. Sikumpigia. Niliiweka simu kifudifudi juu ya meza. Nilitaka mtu aje, yeyote, anikute pale nilipokuwa.

Alifika baada ya isha, baada ya saa saba na nusu njiani, macho mekundu. Aliingia na viatu vyake mpaka sebuleni na kumkuta kaka yake amekaa, amefungwa kanga, ana mabaki ya uji kwenye kidevu.

"Shikamoo, kaka," akasema. Kisha akarudi nje garini.

Nilitoka kumsaidia kuingiza mizigo. Kulikuwa na heta, sambusa kutoka kwa mkewe, na nyuma kabisa mfuko wa nailoni ambao ulifunguka nilipouvuta. Ndani mlikuwa na nguo nyeupe iliyokunjwa na kipakiti cha kafuri. Ilikuwa sanda. Nikaurudisha mfuko mahali pake.

"Uliniambia yuwaenda, shemeji," alisema nyuma yangu kwa sauti ya chini. "Ningekuja mikono mitupu?"

Tulirudi ndani. Akavuta kiti akakaa mbele ya kaka yake, magoti yakigusana, kama watu wanaotaka kucheza karata. Mume wangu akamtazama, kisha polepole, kwa uchovu mkubwa, akakiinua kidole.

"Ndiyo hii?" shemeji akaniuliza.

"Ndiyo hiyo."

Akamgeukia. "Kaka, wataka kufa?"

Mume wangu akamtazama kama unavyomtazama mjinga. Akatikisa kichwa: hapana.

"Basi kuna nini huko juu? Wasali?"

Hapana.

"Ni dari? Dari ina nini?"

Hapana, lakini kidole kikapiga hewa, zaidi, zaidi.

"Juu ya dari? Kwenye paa?"

Kiganja kikaanguka juu ya mkono wa kiti kwa kishindo: ndiyo!

"Paa lina nini? Lavuja? ... La. Ni hii stovu? Ni stovu! Ni dohani, kaka? Huko juu dohani imeziba?"

Mume wangu alifumba macho. Machozi yalimtoka bila uso wake kucheza, na akakilaza kichwa nyuma kama mtu aliyetua gunia. Nikakimbilia droo, nikaleta kitabu, nikafungua ule ukurasa. Kofia, mwezi wa 11. Kofia ya dohani, kile kifuniko cha bati kinachokaa juu ya bomba la moshi. Kila mwaka alipanda juu kukisafisha kabla ya baridi, na mimi nilikuwa nikimpigia kelele kutoka uani kwamba ataanguka. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu kwenye paa lile, nikamsahau.

Shemeji alimuuliza maswali saba au manane. Haikuchukua hata dakika mbili. Mimi niliishi na kidole kile nyumba moja, nikakijibu kwa Yasini.

Paa lilikuwa barafu, hakuna wa kulipanda siku hiyo. Tulilala sebuleni sote watatu, heta moja kila upande, moja ikiwa kwenye waya mrefu kutoka gereji. Asubuhi jua likatoka, na kufika adhuhuri michirizi ya maji ilikuwa inatiririka kwenye vigae. Jirani akaja na ngazi yake, akaishikilia, shemeji akapanda. Tulimsikia akikwaruza na kugonga juu ya vichwa vyetu. Aliposhuka alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na kiota, kimeshindiliwa kama godoro: nyasi, manyoya, uzi wa katani, vipande vya mfuko wa plastiki. Ndege walikuwa wamejenga tangu wakati yeye yuko hospitali, wakalea, wakaruka. Shemeji alikiweka kiota mapajani mwa kaka yake. Mume wangu akakigeuzageuza kwa mkono mmoja, akivuta uzi mmoja mmoja, akiangalia kilivyosukwa.

Nikabonyeza kitufe. Pelet zikadondoka. Kiwashio hakikuwaka.

Nilibonyeza tena. Kikakaa kimya, cheusi. Nilikuwa nimekiua kwa kukilazimisha siku mbili mfululizo. Shemeji alikaa chini sakafuni akaegemeza kichwa ukutani, na mimi nikaona basi, ndiyo mwisho wa akili yangu.

Mume wangu alikuwa ananyoosha mkono kuelekea jikoni. Nikapiga magoti mbele yake.

"Kiberiti?" nikauliza.

Ndiyo.

"Na mafuta ya taa?"

Hapana! Akakunja uso.

"Karatasi?"

Mkono ukapepea: si hiyo, lakini huko huko.

Niliangalia jikoni alikokuwa akionyesha. Juu ya kaunta palikuwa na kibegi changu cha kazini, na chupa ya jeli ya kusafishia mikono. "Ile jeli ya spiriti?" Ndiyo. Nikakamulia kidogo juu ya pelet kibakulini, nikawasha kiberiti, nikafunga mlango haraka. Moto ulisimama wima, mweupe, ukanguruma. Baada ya robo saa feni ikaanza kusukuma joto, na jirani akavua koti lake.

Kuna jambo ambalo sikumwambia shemeji, wala sijamwambia mume wangu, na naliandika kwa sababu sitaki kulibeba peke yangu tena. Pale nilipokiona kidole, kabla ya kulia, kabla ya kumgeuza kibla, kwa muda wa pumzi moja nilihisi nimepumzika. Nilijiona nimelala kitandani na hakuna mtu wa kugeuza. Halafu ndipo nikalia, na mpaka leo sijui nilikuwa nikimlilia nani.

Shemeji alikaa siku tatu. Alituomba tuhamie Missouri City, ambako baridi ni ya kupita na nyumba yake ina chumba cha chini. Mimi nilitaka. Mume wangu aliulizwa, kwa swali moja, akatikisa kichwa. Tumebaki Carrollton. Fundi wa Fort Worth alikuja baadaye akabadilisha kiwashio. Sasa kila mwezi wa kumi na moja jirani anapanda kusafisha kofia, na Jumamosi mimi ninafuta kioo kwa gazeti bichi lenye majivu, na mume wangu ananielekeza kwa kidevu nilipoacha weusi. Ninamuuliza maswali yangu moja moja. Siku nyingine tunafika. Siku nyingine tunauliza mpaka tunachoka wote, na lile alilolitaka linabaki kwake.

Hii ni baridi ya tatu tangu augue. Juzi stovu ilisimama tena, na safari hii si moshi. Moto unawaka vizuri, umesimama, kofia ni safi, jirani ameiangalia mara mbili. Lakini joto haliji. Feni ya mbele inavuma bila kuzunguka, kisha inanyamaza, na taa inakonyeza mara tano, kitu ambacho kwenye kitabu hakimo, kwa sababu ukurasa huo ulishachanika.

Nilipiga magoti mbele yake nikaanza. Ni feni? Ndiyo. Imeungua? Hakujibu. Ni waya? Hakujibu. Nimwage majivu? Niifungue ubavuni? Nilimuuliza yote niliyoyajua na mengine ambayo sikuyajua. Akaitazama stovu kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na bega lake la kushoto likapanda na kushuka.

Hajui. Katika miaka yote sijawahi kumwona akiitazama mashine na asiijue. Nilimvalisha sweta mbili, nikavaa yangu, nikakisogeza kiti chake karibu na kochi. Fundi amesema atakuja Jumatano, baada ya saa nane mchana.